Sahani za harusi za kifalme na vyombo vya lasta vya Kiingereza: namna ya kuvitambua, kuvinunua na kuvitunza

Karibu kila mwezi kuna mtu ananitumia picha ya sahani ya Charles na Diana, ukingo wa dhahabu, nyuso mbili zinacheka katikati, na swali ni lile lile: "Hii itanitoa?" Haitakutoa. Viwanda vya Uingereza vilitengeneza vyombo vya harusi ile ya 29 Julai 1981 kwa wingi wa ajabu, na wengi walionunua waliviweka kabatini wasiviguse, kwa hiyo vimebaki vizima. Leo kikombe chake utakikuta kwenye duka la hisani huko Uingereza kwa bei ya chai na kitafunio.

Mwaka juzi, kwenye soko la Jumapili ambako watu huuza vitu vya nyumbani kutoka kwenye buti za magari yao, niliokota kisahani cha waridi iliyochuja. Nyuma hakina mhuri. Katikati kuna picha nyeusi ya msichana na kijana wa kiume wanatazamana. Muuzaji alikuwa amekichanganya na visahani vya chai ndani ya boksi la ndizi. Kilikuwa cha harusi ya kifalme ya 1816, na anayejua alama zake hakikosi. Alama hizo ndizo nitakazokupitisha hapa, hatua kwa hatua, pamoja na namna ya kukifikisha chombo nyumbani na kukiweka bila kukiua.

Hatua ya 1: Jua udongo ulioushika

Kabla hujatazama picha ya mfalme, tazama chombo chenyewe. Vyombo vya kumbukumbu vya Uingereza viko zaidi katika makundi mawili: kauri ya mifupa na udongo mweupe wa kawaida.

Kauri ya mifupa ni ile ambayo karibu nusu ya mchanganyiko wake ni majivu ya mifupa ya ng'ombe. Ilitengemaa Staffordshire, jimbo la wafinyanzi huko Uingereza, mwishoni mwa karne ya 18, na jina la mfinyanzi Josiah Spode ndilo hutajwa kwanza. Washa tochi ya simu, iweke nyuma ya sahani, pitisha vidole vyako katikati: kama unaona vivuli vya vidole, ni kauri. Kama mwanga haupiti kabisa, ni udongo. Kisha ibebe sahani juu ya ncha za vidole na igonge ukingoni kwa ukucha. Kauri nzima hulia kama kengele ndogo na sauti hukawia. Udongo hujibu kwa sauti fupi. Na chochote chenye ufa, hata ufa usiouona, hujibu kama kibuyu kilichopasuka.

Vyombo vingi vya zamani vya lasta, yaani vile vyenye mng'ao wa madini ambao tutaufikia katika hatua ya 2, ni vya udongo, ingawa viko pia vya kauri. Basi usikidharau chombo kwa kuwa tochi haikupita.

Hatua ya 2: Ielewe lasta, maana majina yake yanadanganya

Lasta ni utando mwembamba mno wa madini uliolazwa juu ya gilezi, yaani ile ngozi ya kioo inayofunika udongo. Ufundi wa kung'arisha vyombo kwa madini haukuanzia Uingereza. Wafinyanzi wa Iraki waliufanya katika karne ya 9, zama zile zile ambazo majahazi ya Ghuba yalikuwa yakishusha mitungi na mabakuli Shanga na Manda, kwenye visiwa vya Lamu, ambako vigae vyake vimefukuliwa. Wao walitumia fedha na shaba, na tanuri lenye moshi mzito usio na hewa ya kutosha. Waingereza, kuanzia miaka ya mwanzo ya karne ya 19, walishika njia nyingine: dhahabu au platinamu inayeyushwa kwa asidi, inachanganywa na mafuta, inapakwa kwa brashi juu ya chombo ambacho kimeshachomwa, halafu kinarudishwa kwenye tanuri la moto mdogo.

Sasa majina. Lasta ya shaba, ile ya kahawia inayong'aa kama sufuria mpya, kwa kawaida haikupakwa shaba: ni dhahabu iliyopakwa juu ya udongo mwekundu. Dhahabu hiyo hiyo ukiipaka juu ya udongo mweupe inatoa waridi au zambarau. Lasta ya fedha ni platinamu. Hapo mwanzo mabirika ya lasta ya fedha yaliigiza maumbo ya mabirika ya fedha halisi, kwa wale ambao mfuko haukufika kwa sonara. Kampuni ya Elkington walipopata hataza yao ya kupaka fedha kwa umeme mwaka 1840, watu wakapata kitu kilichofanana na fedha zaidi, na soko la lasta hii likaanza kufifia.

Inayopendwa kuliko zote ni lasta ya waridi yenye madoa, ambayo wengi huiita "Sunderland" kwa jina la mji ulio kwenye mto Wear, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Fundi alipaka waridi, kisha ikiwa bado mbichi aliirushia mafuta. Tanurini matone yale yalipasuka yakaacha viduara kama povu la sabuni lililokauka. Sunderland palikuwa bandari, na vyombo vyake ni vya mabaharia: merikebu, dira, baharia anaagana na mchumba wake, na lile daraja la chuma lililofunguliwa 1796 likapata umaarufu mkubwa wakati wake. Kuna vibao vya ukutani vyenye maneno kama "Jiweke tayari kuonana na Mungu wako", vinavyomsemesha mgeni kabla mwenye nyumba hajafungua mdomo, kama kanga inavyofanya kwetu. Kuna pia vikombe vikubwa vya pombe vyenye chura wa udongo ameganda ndani. Mnywaji alimwona kinywaji kikikaribia kwisha, na wenzake wakapata kicheko cha jioni nzima.

Angalia lakini: jina la Sunderland limekuwa jina la aina. Newcastle na Staffordshire walitengeneza waridi hiyo hiyo, na bila mhuri au picha inayojulikana ni ya kiwanda gani, anayekuambia kwa uhakika "hiki ni cha Sunderland" anabahatisha.

Hatua ya 3: Tambua ni harusi ipi

Soma kwanza maandishi, kwa sababu nusu ya vinavyouzwa kama vya harusi si vya harusi. Neno "Coronation" ni kutawazwa, "Jubilee" ni maadhimisho ya miaka ya utawala. Unalotafuta ni "Marriage" au "Wedding". Vikombe vya Edward wa Nane vya 1937 ndivyo hupotosha wengi: alijiuzulu Desemba 1936 kabla ya kutawazwa, hivyo watu hudhani vyake ni adimu. Vilikuwa vimeshatengenezwa na kuuzwa kwa maelfu.

Harusi ya kwanza ya kuitafuta kwa udi na uvumba ni ile ya kisahani changu. Mjukuu wa mfalme, Charlotte, aliolewa na Leopold wa Saxe-Coburg tarehe 2 Mei 1816. Mwaka uliofuata, tarehe 6 Novemba, alifariki baada ya kujifungua mtoto mfu, na nchi nzima ikaingia matangani. Kwa hiyo vyombo vyake ni vya namna mbili: vya harusi, wakiwa wawili, na vya msiba, ambapo mara nyingi utaona mwanamke analia kando ya kaburi. Vingi ni vyombo vidogo vya chai vyenye lasta ya waridi, na hapo harusi ya kifalme na lasta vinakutana katika chombo kimoja. Leopold mjane alikuja kuwa mfalme wa kwanza wa Ubelgiji mwaka 1831, akaoa tena, na mmoja wa wanawe ni yule Leopold wa Pili aliyeifanya Kongo shamba lake binafsi. Msomaji wa Lubumbashi au Bukavu ana haki ya kukitazama kisahani hiki kwa jicho jingine kabisa.

Baada ya hapo kuna Malkia Victoria na Albert, 10 Februari 1840, na mtoto wao Albert Edward na Alexandra wa Denmark, 10 Machi 1863. Vya 1863 hupatikana, vya 1840 hupatikana kwa shida zaidi. George, aliyekuja kuwa mfalme George wa Tano, na Mary walioana 6 Julai 1893.

Ya 20 Novemba 1947, Elizabeth na Philip, ina hadithi ya kiuchumi. Vita vilikuwa vimeisha lakini Uingereza ilihitaji dola, kwa hiyo vyombo vilivyopambwa vilikuwa vya kusafirishwa nje, na raia wa nyumbani aliuziwa vyeupe. Vizuizi hivyo havikuondolewa kabisa mpaka 1952. Ndiyo maana bibi harusi aliyekuja kuwa malkia kwa miaka 70 ana vyombo vichache vya harusi kuliko mwanawe.

Ya Charles na Camilla ina mtego mzuri. Ilipangwa 8 Aprili 2005, lakini mazishi ya Papa Yohane Paulo wa Pili yakaangukia siku hiyo, ikasogezwa hadi tarehe 9. Vikombe vyenye tarehe 8 vilikuwa vimeshachapwa, na watu wakavigombania wakidhani vitaharibiwa. Havikuharibiwa, viliuzwa. Tarehe ya makosa peke yake si dhahabu.

Za William na Catherine, 29 Aprili 2011, huwavutia watu wa Kenya kwa kuwa posa ilifanyika kule kwenye miteremko ya Mlima Kenya, Oktoba 2010. Nunua kwa mapenzi, usinunue kwa biashara. Na usitishwe na cheti cha "toleo maalumu": nakala 5,000 ni nyingi.

Hatua ya 4: Geuza nyuma

Mhuri wa nyuma ni kitambulisho, na kama kitambulisho chochote, husaidia zaidi kukanusha kuliko kuthibitisha. Neno "England" lilienea baada ya 1891, Marekani ilipotaka bidhaa zinazoingia kwake zitaje nchi zinakotoka. "Made in England" ni ya karne ya 20. Alama ya almasi yenye herufi na namba ni ya usajili wa michoro kati ya 1842 na 1883; kuanzia 1884 ikawa "Rd No" na namba mfululizo. Neno "Bone China" ndani ya mhuri nalo ni dalili ya karne ya 20. Nembo ya simba na farasi mwenye pembe moja haimaanishi kwamba chombo kilitoka ikulu. Viwanda vingi viliitumia kama pambo.

Kwa lasta ya zamani, kukosa mhuri ni jambo la kawaida. Kinyume chake ndicho cha kukushtua: waridi ya madoa, merikebu, daraja, halafu nyuma "Made in England". Hiyo ni nakala. Kiwanda cha Gray's cha Stoke-on-Trent kilitengeneza nakala nzuri sana katika karne ya 20, nacho hakikuficha jina lake. Wanaoficha ni wauzaji. Niliwahi kununua mtandaoni kibao cha ukutani "cha 1820", picha zote za mbele. Kilipofika nikakigeuza chini ya taa, nikaona doa la ukubwa wa sarafu lisilong'aa, gilezi imekwaruzwa taratibu kwa kitu kigumu. Mhuri ulikuwa hapo. Tangu siku hiyo bila picha ya nyuma sinunui, hata muuzaji aape.

Chukua pia kioo cha kukuzia. Picha ya zamani ilichongwa kwenye bamba la shaba, ikahamishiwa kwenye chombo, na rangi mara nyingi ziliongezwa kwa mkono: utaona mistari na vinukta visivyolingana, na kijani kilichovuka mpaka wa jani. Picha ya kisasa ina nukta zilizojipanga kama za gazeti.

Hatua ya 5: Tafuta kasoro kwa mpangilio

Fanya hivi kila mara, kwa mfuatano uleule, ili usisahau. Pitisha kidole polepole kuzunguka ukingo ukiwa umefumba macho. Pengo dogo macho hulikosa, kidole hakilikosi. Kagua mkono wa kikombe pale unapoungana na tumbo. Chungulia mdomo wa jagi. Kisha lete taa kutoka pembeni, si kutoka juu, uone kama kuna sehemu ya lasta inayong'aa tofauti na jirani yake, maana hapo kuna uwezekano wa rangi ya marekebisho. Tochi ndogo ya mwanga wa urujuanimno (UV) huanika marekebisho mengi: gundi na rangi mpya huwaka tofauti na gilezi.

Mtandao wa nyufa nyembamba ndani ya gilezi ni uzee tu, hasa kwenye udongo. Ufa mmoja mrefu unaotoka ukingoni na kuonekana pande zote mbili ni ugonjwa. Kuchakaa kwa lasta kwenye mkono na mdomo wa jagi kunakubalika, tena kunatuliza moyo, kwa sababu hapo ndipo mikono ya miaka 200 ilipopita. Jagi ambalo limechakaa tumboni lakini mkono wake ni mpya, liulize lilishikwaje.

Hatua ya 6: Kununua

Kabla ya kutoa pesa, nenda ukatazame vya uhakika. Jumba la makumbusho la Sunderland na lile la Potteries kule Stoke-on-Trent yana makabati ya kutosha kukuzoeza macho, na London kuna vyumba vya kauri vya Victoria and Albert Museum. Aliye mbali na Uingereza atazame picha za makumbusho hizo mtandaoni.

Bei uitafute kwenye mauzo yaliyokwisha kufanyika, si kwenye bei zinazoombwa. Mtu anaweza kuomba pauni elfu kwa sahani ya Diana na ikakaa mtandaoni mpaka wajukuu wake waoe. Mnadani kumbuka kwamba bei inayogongewa nyundo si bei utakayolipa: kuna asilimia ya wenye mnada na kodi juu yake, na kwa pamoja mara nyingi hupita robo ya bei. Kwenye lile soko la buti za magari, mabishano ya kukata bei nusu kama ya Kariakoo huwachukiza wauzaji. Uliza kwa upole bei yake ya mwisho, kisha nyamaza. Kimya kile kimenipunguzia zaidi kuliko maneno.

Hatua ya 7: Kufunga na kusafirisha

Sahani zisilazwe moja juu ya nyingine. Zisimamishwe wima kama vitabu, kila moja na kitambaa chake. Mfuniko usafiri peke yake, usiachwe juu ya birika. Jaza ndani ya kikombe karatasi laini bila kushindilia. Gazeti usiliweke ligusane na chombo, wino wake huhamia kwenye nyufa za gilezi. Kisha boksi ndani ya boksi, na kati yake vidole vinne vya kitu laini pande zote sita. Litikise: ukisikia kitu, fungua uanze upya. Kama unavuka mpaka, weka risiti karibu, na kile unachokipenda kuliko vyote panda nacho ndege mkononi.

Hatua ya 8: Kuosha, na hapa ndipo vingi hufa

Vua pete na bangili. Weka taulo ndani ya beseni la plastiki, maji vuguvugu, tone moja la sabuni laini, chombo kimoja kwa wakati. Futa kwa kitambaa cha pamba bila kusugua, suuza, kiache kikauke juu ya taulo. Kilichojaa nyufa usikiloweke. Udongo hunywa maji, na uchafu huingia nayo usitoke tena.

Mashine ya kuoshea vyombo, hapana. Maikrowevu, hapana, utando ule ni madini na utarusha cheche. Jiki, ndimu, magadi, majivu na mchanga unaong'arisha sufuria za nyumbani, vyote hapana. Na lasta ya fedha usiipake kamwe dawa ya kung'arishia fedha. Nimeona birika lililong'arishwa hivyo miaka na miaka na msichana wa kazi mwenye bidii: upande mmoja platinamu, upande wa pili kahawia tupu ya udongo.

Usivilie wala kuvinywea vyombo vya zamani. Gilezi za wakati ule zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na achari, ukwaju au ndimu huiyeyusha.

Hatua ya 9: Kuweka

Wazee wa Lamu walilitatua suala hili zamani kwa zidaka, vile vishubaka vya ukutani ambamo kila sahani ya Kichina ilikaa kwenye kivuli chake, mbali na mkono wa mtoto. Asiye na zidaka atumie kabati la kioo au vishikio vya mbao. Waya za chemchemi za kuning'inizia sahani hung'ata ukingo; ukilazimika, chagua zilizofunikwa plastiki, na saizi inayoshika bila kubana. Vikombe visining'inizwe kwa mikono yao, na jagi libebwe kwa mikono miwili chini ya tumbo. Mwambao, msimu wa kusi, usiweke kitu kando ya dirisha lenye pazia refu.

Mwisho, kata kipande cha karatasi, andika kwa penseli ulinunua lini, wapi, kwa kiasi gani, na kama ni cha familia, nani alikileta na kwa safari ipi. Kiweke chini ya chombo bila gundi. Karatasi ya kisahani changu cha 1816 ina mistari mitatu, na wa tatu unasema: pauni mbili, pamoja na boksi la ndizi.